Weye uko mutoto ya nani? Majina ya familia ya Wapolandi na fundisho lake kwetu

Utangulizi



Kila mutu aliyelelewa kwetu anajua ulizo hili. Kijana anaingia mu kiwanja cha mukubwa, anasalimia, na mukubwa hamuulizi kwanza juu ya kazi yake ao masomo yake. Anamuuliza: "Weye uko mutoto ya nani?" Jibu likiwa zuri, mazungumzo yanafunguka: "Ah, babu yako tulifanya naye kazi, bibi yako alitoka kijiji fulani." Jibu likikosekana, kijana anabaki mugeni hata kama amezaliwa mu kartie ileile.

Katika kijitabu hiki tumezoea kuandika juu ya desturi za kwetu. Mara hii tumeona vizuri kutoka inje kidogo, tuangalie namna taifa lingine lilivyojibu ulizo hilo. Tumechagua Polandi. Sababu gani Polandi, inchi ya mbali yenye baridi na theluji? Kwa sababu majina matatu ya Kipolandi yalipita karibu na milango yetu. Mu mwaka wa 1890, baharia mumoja jina lake Korzeniowski alipanda muto Kongo kwa meli ya moshi mpaka Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Miaka 90 nyuma yake, mu Mei 1980, Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Karol Wojtyła, alifika Kinshasa na Kisangani. Na kati ya hao wawili kuna mama Maria Skłodowska, yule Wafaransa wanayemuita Marie Curie. Radiamu aliyoivumbua pamoja na bwana yake mu 1898 ilikuja kutolewa, tangu mwaka wa 1922, katika mawe ya Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga.

Korzeniowski, Wojtyła, Skłodowska: majina haya yanatesa ulimi wetu. Lakini kila moja lina maana yake, na tukilifungua tunakuta ndani kijiji, babu, muti ao kazi ya mikono. Wazo letu ni hili: jina la familia ni maandishi ya historia, na kama kwa maandishi yote, inafaa kuuliza ni nani aliyeshika kalamu.

1. Wakati wa jina moja

Zamani Mupolandi alikuwa na jina moja tu, sawa na babu zetu. Mutawala Mieszko, aliyebatizwa mu mwaka wa 966, hakuwa na jina la familia. Majina ya kale ya Kislavi yaliunganisha mara nyingi maneno mawili, na ndani yake wazazi waliweka baraka. Bolesław ni mwenye utukufu zaidi. Wojciech limetoka katika neno la askari na neno la furaha. Nyuma ya ubatizo yakaingia majina ya watakatifu: Jan, Piotr, Jakub, Adam. Ya kale hayakufukuzwa yote. Yaliendelea kuishi pamoja na mapya, hasa yale yaliyobebwa na watakatifu wa kwao wenyewe kama Wojciech na Stanisław. Jina Wojtyła lenyewe wataalamu wanaliunganisha na Wojciech.

Shida ilianza watu walipoongezeka. Kijiji kikiwa na Jan kumi, utafanya namna gani? Tunajua dawa yake, kwa sababu hata sisi tunaitumia kila siku: tunasema Jean ya garaje, Jean murefu, Jean ya mama Riziki, Jean wa kutoka Kongolo. Wapolandi walifanya vilevile. Waliongeza mahali, kazi, muzazi ao jina la kuchekesha. Tofauti ni kwamba kwao maneno hayo yaliandikwa, na yakiisha kuandikwa hayakutoka tena. Yalirithiwa na watoto, wajukuu na vitukuu, hata kama kitukuu ni mufupi na babu ndiye alikuwa murefu.

2. Jina la udongo

Wa kwanza kupata majina ya kudumu walikuwa wakubwa wenye udongo, wanaoitwa szlachta. Hawa walikuwa wengi kuliko katika inchi nyingi za Ulaya: kama watu 8 mpaka 10 kwa kila mia. Mu karne ya 15 mukubwa aliandikwa kwa jina lake na la kijiji chake: Jan z Tarnowa, maana yake Jan wa Tarnów. Polepole likageuka kuwa Jan Tarnowski. Mwenye kujulikana zaidi kwa jina hilo ni jemadari aliyeishi tangu 1488 mpaka 1561.

Hapa ndipo siri ya "-ski" inafunguka. Ile sauti ya mwisho, tunayoisikia katika majina mengi sana ya Kipolandi, inafanya kazi ya neno letu dogo "wa". Tarnowski ni wa Tarnów. Skłodowski ni wa Skłody. Zamoyski ni wa Zamość. Mutu wa Kongo asishangae: na sisi tuna "wa" katika majina yetu, na kila mutu amesikia jina la Étienne Tshisekedi wa Mulumba.

Juu ya Zamoyski kuna hadisi nzuri ya kweli. Familia ilipata jina lake kutoka kijiji cha Zamość. Mu 1580, Jan Zamoyski, waziri mukubwa wa mufalme, alianzisha muji mupya na kuuita Zamość. Kijiji kilizaa jina la mutu, na mutu akarudisha jina kwa muji. Kijiji cha kwanza leo kinaitwa Stary Zamość, ni kusema Zamość ya zamani.

Wakubwa hao walikuwa tena na kitu kinachokaribia ukoo wetu. Familia nyingi zenye majina mbalimbali zilikusanyika chini ya alama moja inayoitwa herb, na alama hiyo ilikuwa na jina lake: Leliwa ya akina Tarnowski, Jelita ya akina Zamoyski, Nałęcz ya akina Korzeniowski tunaowataja hapa. Si lazima wote wawe wa damu moja. Mu mwaka wa 1413, pale Horodło, koo 47 za Wapolandi zilipokea familia 47 za wakubwa wa Litwania, kila moja ikazigawia alama yake. Kwa siku moja wageni wakakuwa ndugu. Wakubwa wetu waliofanya udugu wa damu kati ya vijiji viwili wangefahamu jambo hilo bila mufasiri.

3. Jina la kazi, la baba na la kuchekesha

Walimaji, ambao ndio walikuwa wengi, walichelewa. Tangu Mutaguso wa Trento, uliomalizika mu 1563, mapadri walipaswa kuandika ubatizo na ndoa katika vitabu vya parokia, na humo majina ya walimaji yakaanza kukauka kama udongo wa tofali. Kwa wengi yalishika kabisa mu karne ya 17 na ya 18.

Kuna majina ya kazi. Kowal ni mufua vyuma, na kutoka kwake tuna Kowalski na Kowalczyk. Huyu wa pili ni mutoto ao mwanafunzi wa mufua vyuma. Ni ndugu wa Lefebvre wa Wafaransa na Schmidt wa Wajerumani: kila kijiji kilihitaji jembe. Krawczyk ni wa fundi wa kushona, Szewczyk wa fundi wa viatu, Kaczmarek wa mwenye kuuza pombe.

Kuna majina ya baba. Adamczyk ni mwana wa Adam, Pawlak ni wa Paweł, Kubiak ni wa Kuba, ndilo jina la mukato la Jakub. Upande wa mashariki walipenda "-wicz": Mickiewicz, jina la mushairi mukubwa wa Polandi (1798–1855), linatokana na Mitka, ambalo ni Dymitr aliyefupishwa. Ndugu zetu wa Maniema wanasema "bin", na maana ni ileile.

Kuna majina ya nyama na ndege: Zając ni sungura, Wróbel ni shomoro, Baran ni kondoo dume. Kuna Król, ni kusema mufalme, na hapa tusidanganyike: wenye jina hilo kwa kawaida hawakutoka katika nyumba ya mufalme, jirani ndio waliwaita hivyo kwa kuwachekelea. Jina la kuchekesha ndilo lenye nguvu zaidi, kwa sababu mwenyewe hakulichagua. Hata kwetu, Hamed bin Muhammed hakuna anayemukumbuka kwa jina hilo. Watu wote wanajua Tippu Tip.

Na lile linalopita yote kwa wingi ni gani? Ni Nowak. Linabebwa na watu karibu 200,000 katika Polandi, na maana yake ni "mupya", ni kusema mugeni aliyefika juzi katika kijiji. Jambo hili linatupendeza sana. Taifa linaloonekana kukaa mahali pamoja tangu zamani, kumbe jina lake la kwanza kwa wingi ni la mutu aliyetoka pengine! Hata Kopernik (1473–1543), mwenye kutuonyesha kwamba dunia inazunguka jua, amezaliwa Toruń, lakini jina lake ni la kijiji cha Koperniki, mbali, upande wa Silesia. Mutu alihama, jina likabaki kushuhudia alikotoka.

Tuseme neno moja juu ya "-ski". Wengi wanafikiri mwenye "-ski" ni lazima awe wa ukoo wa wakubwa. Si kweli. Kwa kuwa sauti hiyo ilikuwa na heshima, walimaji na watu wa muji nao waliiongeza kwa majina yao. Kowalski wengi ni wajukuu wa wafua vyuma, na hakuna haya ndani yake.

Wanawake nao wana umbo lao. Bwana ni Skłodowski, binti ni Skłodowska. Kwa jina kama Nowak, bibi wa ndoa aliitwa Nowakowa, na binti asiyeolewa Nowakówna. Kwa kusikia tu ulijua kama ni muke ao mutoto wa nyumba. Desturi hii ya pili imepunguka sana tangu vita ya 1939–1945, kwa sababu wanawake wengi hawakupenda jina liseme mbele ya watu wote kama wameolewa ao hapana.

4. Wakati Leta inashika kalamu

Mpaka hapa kalamu ilikuwa mukononi mwa jirani na padri. Sasa tunafika kwa Leta, na ndipo mambo yanakuwa mazito.

Mu miaka ya 1772, 1793 na 1795, Urusi, Prusia na Austria ziligawanya Polandi mpaka inchi ikafutwa kwenye karte. Ilirudi mu 1918 tu, nyuma ya miaka 123. Wakati huo wote, mwenye kuandika jina la mutoto wa Kipolandi alikuwa mara nyingi karani wa serikali ya wageni. Upande wa Wajerumani, Szymański aliandikwa Schimanski. Upande wa Warusi, tangu 1868, vitabu vya vizazi na vifo viliandikwa kwa Kirusi na kwa herufi zake. Ndugu wawili waliotenganishwa na mupaka waliweza kuwa na jina moja lenye sura mbili, hata watoto wao wasitambuane kwa karatasi.

Wayahudi wa inchi hiyo, ambao walikuwa wengi sana, walikuwa na desturi yao: Mosze ben Abram, Musa mwana wa Abramu. Hilo "ben" ni "bin" ileile. Mu 1787 mufalme Yosefu wa Pili wa Austria aliwaamuru wote kuchukua majina ya familia ya Kijerumani, na mu 1821 upande wa Warusi ukatoa amri yake. Ndipo yakaenea majina kama Rosenberg, mulima wa waridi, na Goldstein, jiwe la dhahabu. Yanapendeza kwa masikio, lakini mengi hayakutoka kwa babu. Yalitoka kwa amri ya ofisi.

Hata uhuru haukumaliza jambo hilo. Wanazi waligeuza majina ya Kipolandi ya Silesia kuwa ya Kijerumani. Vita ilipoisha, serikali mupya ya Polandi ilitoa amri ya tarehe 10 Novemba 1945, na chini yake majina ya Kijerumani yaligeuzwa kuwa ya Kipolandi, mara na watu waliosukumwa wakubali. Muzee mumoja wa Silesia aliweza kubadilishiwa jina mara mbili bila kuhama nyumba yake.

Msomaji wa Kongo mwenye umri fulani, hapa anaweka kijitabu chini na kukumbuka mwaka wa 1972. Leta ya Zaire ilisema majina ya kizungu yaishe. Joseph-Désiré akakuwa Sese Seko, na kila mutu akatafuta jina la babu la kuweka kwa karatasi. Tuseme ukweli kwa pande zote mbili. Wengine walifurahi, kwa sababu siku hiyo ndiyo waliuliza kwa mara ya kwanza jina la babu yao na maana yake. Wengine waliumia, kwa sababu jina walilobatizwa nalo lilikuwa lao pia, wakaendelea kulitumia kwa siri nyumbani. Jambo moja lilifanana na la Wapolandi: jina zuri likiletwa kwa amri, hata wenye kulipenda wanalipokea kwa uchungu.

5. Jina la kujificha na jina la kuvuka mipaka

Wakati wa vita jina liliweza kuua ao kuokoa. Zdzisław Jeziorański (1914–2005) alibeba ujumbe wa siri kutoka Warszawa mpaka London. Jina lake limetoka kwa jezioro, ni kusema ziwa. Ili asijulikane alichagua kuitwa Jan Nowak. Ni akili kubwa: nani atamutafuta Jan Nowak kati ya akina Jan Nowak wote? Nyuma ya vita aliyaunganisha yote mawili, akajiita Jan Nowak-Jeziorański. Wayahudi wengine waliokoka kwa karatasi zenye jina la Kipolandi, na kuna waliolishika mpaka kufa. Daktari Henryk Goldszmit, ambaye watoto walimujua kwa jina lake la mwandishi, Janusz Korczak, angeweza kujificha, lakini alikataa kuwaacha yatima wake. Mu Agosti 1942 alipelekwa pamoja nao Treblinka, na wakauawa. Wayahudi wa Polandi karibu milioni tatu waliuawa katika vita hiyo, na mara nyingi familia nzima, hata hakubaki mutu wa kujibu ulizo la mukubwa wetu.

Wengine walihama kwa kutafuta mukate. Watu wanasema makarani wa Amerika waliwakatia majina walipotoka melini. Si hivyo: makarani walifuata orodha zilizoandikwa safari ilipoanza, na mara nyingi wahamiaji wenyewe ndio walifupisha nyuma yake, kwa ajili ya kazi na majirani. Katika migodi ya kaskazini ya Ufaransa alizaliwa mu 1931 mutoto wa familia ya Kipolandi, Raymond Kopaszewski. Aliingia mugodini akiwa kijana, akatoka kwa njia ya mupira, na mu 1958 akapata Ballon d'Or. Dunia inamujua kwa jina la Kopa.

Na yule baharia wa 1890? Jina lake lote lilikuwa Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Korzeniowski linatoka kwa jina la mahali, na ndani yake kuna neno korzeń, maana yake muzizi. Waingereza hawakuweza kulitamka, basi tangu kitabu chake cha kwanza, mu 1895, aliandika Joseph Conrad. Mu 1899 alitoa kile kitabu chake juu ya safari ya Kongo, Heart of Darkness. Tunawaomba wasomaji waangalie jambo moja humo: kati ya Waafrika wote wanaopita katika kurasa hizo, hakuna hata mumoja mwenye jina. Mutoto wa taifa lililofutwa kwenye karte, aliyejua uchungu wa jina linalokatwa, alipita kati ya babu zetu na hakuandika jina la mutu. Hatusemi hivi kwa kumuhukumu. Alikemea ukatili aliouona. Lakini historia imemulipa kwa namna yake: alipozikwa Canterbury mu 1924, jiwe la kaburi lilichongwa Teador pahali pa Teodor.

Mama Skłodowska alifanya kingine. Aliolewa, akapata jina la bwana yake, lakini aliendelea kuweka sahihi yake akiunganisha Skłodowska na Curie. Na chuma kipya alichokivumbua mu 1898, mbele ya radiamu, alikiita poloniamu, kwa jina la inchi yake ambayo siku hizo haikuwa kwenye karte yoyote.

Mwisho

Sasa turudi nyumbani. Kwetu baba anaweza kuitwa Kabamba na mutoto Ilunga. Kule Butembo, ndugu watatu wa tumbo moja ni Paluku, Kambale na Kasereka, kwa sababu jina linasema nani alitangulia kuzaliwa. Kwa Waluba, Mbuyi na Kabanga wanatangaza mapasa. Akienda kuomba viza, mutoto anaulizwa na karani: "Kama huyu ni baba yako, sababu gani hamuna jina moja?" Vijana wanapata haya, wanafikiri desturi yetu ni pungufu. Si pungufu. Jina la Mupolandi linasema babu wa mbali alikuwa nani. Jina letu linasema mutoto huyu ni nani, alikuja siku gani, amerudisha babu gani.

Lakini tukubali hatari yake. Jina la Kowalski linajibeba lenyewe, hata mwenye nalo akisahau, kitabu cha majina kipo: mutaalamu Kazimierz Rymut alikusanya majina ya inchi yake na kuyachapisha kati ya 1992 na 1994. Jina letu linabebwa na kinywa. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilitaka majina yatoke katika urizi wa mababu, na ni jambo jema, lakini sheria haiwezi kumufundisha mutoto kwa nini anaitwa hivyo. Mukubwa akifa mbele ya kusema, jina linabaki kwa karatasi, mlango unafungwa.

Basi, wapenzi, tunaomba kila familia inunue kaye moja, si zaidi. Waandike humo jina la kila mutu wa nyumba, maana yake, nani alilitoa, na sababu gani. Waanze na wazee, kwa sababu vijana wana wakati. Na kama muzee akisema "maneno hayo ni marefu, rudi kesho", kijana asingoje kesho. Akae chini, aulize.